Wimbi wa Kemunto

Siku mliyoniaga ofisini mlinipa saa ya ukutani na leso mbili, kisha mmoja wenu akasimama akauliza, "Madam, katika miaka yote hii, ni kazi gani ilikushinda?" Nikajibu kwamba ni kupanda vilima vya Nyamira msimu wa mvua kwa viatu vya ofisi. Mkacheka, soda zikafunguliwa, tukaendelea na chakula. Lilikuwa jibu la sherehe. Jibu lenyewe ndilo hili, na nimeliandika kwa sababu nilikuwa mwoga wa kulisema mbele ya keki: kazi iliyonishinda ni kumrudishia mwanamke mmoja mbegu ya wimbi niliyompotezea mimi mwenyewe, nikiwa kazini, nikifuata utaratibu, tena nikisifiwa.

Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili. Hili halimo.

Niliripoti Keumbu siku ya soko, cheti changu cha kilimo kikiwa ndani ya karatasi ya nailoni na miguu yangu ndani ya gambuti zilizonizidi namba mbili. Ofisi ilikuwa vyumba viwili na choo cha kuazima. Mkubwa wangu aliitwa Mzee Onchari, mtu mfupi mwenye maneno machache, aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka kwa sababu, alisema, mvua ya Kisii haitumi barua. Alinikabidhi vifaa vyangu: kamba ya kupimia yenye mafundo, daftari la jalada gumu, kisu kidogo cha kukatia masuke na chupa tatu za kuwekea wadudu. "Pikipiki itakuja," akasema. Ilikuja baada ya miaka minane.

Wiki hizo za kwanza tulitembea kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Nilitarajia anifundishe nafasi za mistari na vipimo vya mbolea. Badala yake alikuwa akiingia bomani kwa watu, anasalimia, anakaa alipoonyeshwa, kisha anauliza swali lile lile kila mahali: "Ni kitu gani mlikuwa mnapanda hapa mkaacha?" Halafu anasikiliza. Watu walitaja viazi vikuu vya aina fulani, maharagwe yaliyopanda juu ya miti, mboga ambazo siku hizi zimebaki kujiotea tu kando ya zizi. Yeye anaandika. Mimi nimesimama pale na cheti changu, naona jua linapotea.

Siku moja nikamwambia kwamba chuoni tulifunzwa mambo ya kesho na yeye anakusanya ya jana. Hakukasirika. Alisema, "Mkulima haachi kitu bure. Ukiijua sababu, umelijua shamba lake lote. Kuuliza si ujinga, Kerubo." Moyoni nilimhesabu kuwa mzee aliyechoka na anayesubiri kwenda nyumbani.

Mwaka wangu wa tatu ukaja mpango wa mbegu safi ya wimbi. Wengi wenu mmekua mkiujua wimbi kama unga wa pakiti wenye picha ya mtoto mnene, kwa hiyo niwaeleze. Suke la wimbi ni kama mkono. Kuna aina ambazo vidole vyake vimekunjwa ndani, ngumi kabisa, na kuna ambazo vidole vimefunguka kama mtu anayekupungia. Punje huweza kuwa kahawia, nyekundu, nyeupe, hata nyeusi. Wimbi hujichavusha wenyewe, ndiyo maana aina moja ikitunzwa hubaki vile vile kizazi hadi kizazi. Mpango ulitaka tuchague aina moja inayozaa sana, tuisafishe isichanganyike na nyingine, kisha tuigawe kijiji hadi kijiji. Mimi nilipewa eneo la chini ya Keumbu, kuelekea mtoni.

Huko ndiko nilikomkuta Nyaboke. Alikuwa anakaribia miaka sitini, mwembamba, mnusaji wa ugoro, mwenye ulimi mkali na kicheko cha ghafla. Watu wote walisema mbegu nzuri iko kwake. Nilipofika shambani nilishtuka. Masuke marefu na mafupi yalisimama pamoja, ngumi na vidole, meusi na mekundu, mengine yameiva na mengine bado kijani. Kwa jicho la chuo ile ilikuwa aibu.

"Nani alikuchanganyia mbegu hivi?" nikamuuliza. Tuliongea Ekegusii, ninayaandika kwa Kiswahili ili wote mnielewe.

"Nimechanganya mimi. Na mama mkwe alichanganya kabla yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa nini wewe una vidole vitano? Si ungekuwa na kimoja kinene?"

Nilicheka, na sikulichukua lile kuwa jibu. Nilimweleza habari za mavuno, za bei sokoni, za shamba la mfano ambalo wageni wangekuja kuliona. Nilirudi mara nne. Mara ya nne alisema sawa, nadhani kwa kuchoka na sura yangu.

Baada ya mavuno tulitandika mikeka uani tukachambua masuke, yeye, wake za wanawe na mimi, siku tatu mfululizo. Ngumi za kahawia huku, mengine yote kule. Lile fungu la pili lilikuwa na kila namna. Nyaboke aliokota suke moja jeusi lenye vidole vilivyotawanyika, akaligeuzageuza.

"Huu tunauita wa Kemunto," akasema. "Kemunto ni mama yake mume wangu. Alikuja nao kutoka kwao alipoolewa."

"Hauzai sana," nikasema.

"Hauzai sana. Lakini haukosi." Akalirudisha kwenye fungu. "Sasa hawa wengine watakaa wapi?"

Alisema hawa, kana kwamba ni watu. Nikamjibu kwamba hao ni wa kuliwa. Basi wakapura, wakapeta, wakasaga, na jioni ile ukapikwa uji. Ulikuwa mzito, mweusi kidogo, wenye ladha ya moshi kwa mbali. Nilikunywa vikombe viwili, nikaenda nyumbani nimeshiba na nimefurahi kwa kazi niliyofanya.

Msimu uliofuata shamba la Nyaboke lilipendeza kama uwanja wa shule uliofyekwa. Kila suke lilikuwa kimo kimoja, rangi moja, ngumi moja. Wageni walikuja, wakapiga picha. Majirani waliomba mbegu tukawapa, nao wakala za kwao za zamani kwa sababu mimi niliwaambia wasichanganye. Mwaka wa pili ulikuwa mzuri pia. Barua ya pongezi iliyokuja nimeihifadhi hadi leo, ili inikumbushe kuwa barua haijui kinachoendelea shambani.

Mwaka wa tatu mvua haikukatika. Ilinyesha wimbi ukichipua, ikanyesha ukitoa masuke, ikanyesha siku ambazo kila mtu alitarajia jua. Maji yaliingia ndani ya ngumi yakakaa humo. Ukungu ukaanza shingoni mwa suke, chini kidogo ya vidole, na suke likikauka shingo halijazi punje. Ukungu ulipopata jinsi ya kuingia suke moja, ulikuwa umepata jinsi ya kuingia yote, kwa sababu yote yalikuwa suke moja. Kuanzia kwa Nyaboke hadi mtoni hapakuwa na shamba lililopona.

Alikuja ofisini kwa miguu. Aliingia na kapu, akaliweka juu ya meza yangu, juu ya karatasi nilizokuwa naandika. "Nimekuletea mavuno," akasema. Yalikuwa masuke makavu. Nilifikicha moja, kiganjani yakabaki makapi tu.

Ndipo aliponieleza, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Ngumi ni za mwaka mzuri. Wale wafupi ni wa mwaka ambao mvua inaisha mapema. Wale wekundu wana uchungu kidogo, ndege huwaonja wakawaacha. Na wa Kemunto, kwa kuwa vidole vimefunguka, mvua ikinyesha maji hudondoka, upepo ukipita hukauka. Mwaka kama ule, wengine wote wakifa, wa Kemunto ungewapa watoto uji.

"Mbona hukuniambia?" nikasema, na hata leo naona haya kwa swali hilo.

"Sikujua kama kuna mtu asiyejua. Tena hukuuliza, ulikuwa unafundisha." Akafunga ugoro wake ndani ya kitambaa. "Nina wake wa wanangu watatu, Kerubo. Mama mkwe alinikabidhi mbegu. Mimi nitawakabidhi nini, pakiti yenu? Nataka wa Kemunto urudi. Ulitoka kwa mkono wako, utarudi kwa mkono wako."

Alipoondoka nililia. Mzee Onchari, aliyekuwa amesikia yote kutoka chumba cha pili, aliniletea chai, akaketi. Nilitegemea aniambie alinionya. Alisema tu, "Sasa umeanza kazi."

Nilidhani ni jambo la wiki mbili. Mbegu iliyokuwa kwa kila mwanamke wa upande ule haiwezi kupotea yote, nilijiambia. Nikaanza kwa majirani zake, na kila mmoja alinielekeza kwa mwingine. "Mimi nilikula, lakini kwa fulani haukosi." Kwa fulani naambiwa, "Mimi niliacha zamani, nikijua kwa Nyaboke upo." Hili lilinishangaza kuliko yote niliyoyaona kazini, na bado linanishangaza. Hakuna hata mmoja aliyetaka mbegu ile iishe. Kila mmoja aliamini jirani bado anayo, na kwa imani hiyo wakaimaliza wote pamoja.

Basi nikachukua swali la Mzee Onchari nikaenda nalo mbali zaidi: Mosocho, upande wa Nyamira, popote kazi iliponipeleka. Mlikuwa na wimbi gani mkaacha, na kwa nini? Nilitarajia kusikia mahindi na chai, na nilisikia mahindi na chai. Lakini nilisikia na mengine. Baba mmoja wa Mosocho aliniambia kwamba wimbi uliisha kwake mwaka ambao watoto wote waliingia shule. "Nani atamtoa mtoto darasani akafukuze ndege?" akauliza, na mimi mwenyewe nilisomeshwa. Mama mmoja mcha Mungu aliacha kwa sababu kila akipanda, watu walimuuliza pombe itaiva lini. Mwingine alikuwa na chemchemi chini ya shamba. Wanawe wakapanda mikaratusi pale ya kuuza nguzo, chemchemi ikakauka, na kipande kile cha udongo mweusi alichokuwa akipanda wimbi kikawa kigumu kama barabara. Mzee mmoja alisema jiwe lao la kusagia lilipasuka na hakuna aliyejua kuchonga jingine. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwaza kwamba aina ya nafaka inaweza kufa kwa sababu ya jiwe.

Nilipata pia mwalimu mwingine, Mama Halima, aliyekuwa na duka la nafaka mjini Kisii alilorithi kwa baba yake. Yeye na mimi tuliongea Kiswahili, na alikuwa na chake kizuri mno hata mimi nilijihisi nimekuja na gambuti sebuleni. Alinifundisha kuisoma nafaka: kuimwaga kwenye sinia, kuitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga, kuinusa kama imewahi kukaa juu ya moto. Wimbi mwingi sokoni, alisema, huja kwa magunia kutoka nje, lakini wapo kina mama wanaoleta gorogoro moja, kopo la kupimia, ya kwao, na hiyo ndiyo ya kuangalia. Nilipomsimulia habari zangu na Nyaboke alitikisa kichwa.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema. "Sisi tunaambiwa hivyo tangu watoto. Nyie mlikuwa wapi?"

"Nilikuwa nauza msala, Mama."

Alicheka hadi akashika meza. Tangu siku hiyo kila alipoona punje nyeusi za kienyeji aliniwekea ndani ya kasha la kiberiti, na juu yake ameandika zilikotoka.

Tatizo la punje ni kwamba haikuambii suke lake lilikuwaje. Lazima uipande usubiri. Nilikuwa nimejenga nyumba Nyanchwa, kwenye kiwanja kidogo cha mteremkoni, na nyuma ya nyumba palibaki ukanda wa hatua kumi. Hapo nilipanda makasha ya Mama Halima, kila kasha mstari wake. Waendesha boda boda wa kituo cha chini walinijua kwa jambo hilo. "Madam, hii nyasi yote unalisha nani, na huna ng'ombe?" mmoja alikuwa akiniuliza kila mwaka, na kila mwaka nilimwambia nalisha udadisi. Akasema hiyo ng'ombe inakula sana.

Sitawaficha kwamba nilipenda. Miezi ile minne au mitano ya kusubiri nilikuwa kama mtu aliyetumiwa barua asiruhusiwe kuifungua. Masuke yalipoanza kutoka nilikuwa naamka kabla ya chai niende kutazama vidole. Mwaka mmoja walitua ndege wadogo wenye midomo myekundu ambao sikuwa nimewaona mlima ule tangu nihamie. Walikula mistari mitatu kabla sijamaliza kuwastaajabia. Niliwaandikia watu wa benki ya mbegu, nao wakanijibu kwa adabu kwamba wana sampuli kutoka kwetu iliyoandikwa "wimbi, mweusi", bila jina la mtu wala umbo la suke. Walinitumia punje kidogo. Nilizipanda, zikatoa ngumi. Mwaka baada ya mwaka, ngumi. Nami kila baada ya mavuno nilishuka kwa Nyaboke kumweleza, naye alinipa chakula, akanisikiliza, akasema, "Basi bado."

Mzee Onchari alistaafu, akafariki, tukamzika. Pikipiki ilikuja, ikazeeka. Kisha ofisi yetu ikatakiwa kuhamia jengo jipya, tukaambiwa tupange kabati, tutupe yasiyo na kazi. Chini kabisa nilikuta faili lenye mwandiko wangu wa ujana, na juu yake nimeandika kwa kalamu nyekundu: Wakulima Wasiopokea Mafunzo. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliwahi kuandika kitu kama hicho. Yalikuwa majina kumi na moja, watu walionikatalia mbegu safi. Nilikaa sakafuni nikayasoma. Wale walionisikiliza nilikuwa nimewazungukia wote kwa miaka mingi. Hawa sikuwahi kurudi kwao hata mara moja.

Wengi walikuwa wameshakufa, na wake za wana wao walipanda chai. Jina la tisa lilikuwa la mama mmoja wa upande wa Nyamira, Ng'ina Bosire, yaani mama yake Bosire, na mbele yake nilikuwa nimeandika: mkaidi, ana maneno mabaya. Nilimkuta amekaa nje akichambua mboga za chinsaga. Alinitazama kwa muda.

"Wewe ni yule msichana wa kutuambia tupande kitu kimoja," akasema. "Nilikufukuza."

"Ulinifukuza."

"Basi kaa."

Nilimwambia nilichotaka. Aliingia jikoni, akanyoosha mkono kwenye dari iliyo juu ya moto, akashusha kifurushi cha majani ya ndizi cheusi tititi kwa masizi. Ndani yake mlikuwa na masuke matano. Alisema hayajapandwa tangu mumewe azikwe, miaka sita au saba. Yalikuwa meusi kwa moshi mpaka rangi yenyewe haikuonekana, na vidole vimevunjikavunjika, kwa hiyo sikuweza kujua kama yalikuwa yamefunguka au yamekunjwa. Alinipa yote. Nilipomuuliza kwa nini asibaki na moja, alisema hana mtu wa kumwachia. Kijana wake yuko Nairobi na anakula mchele.

Wimbi wa miaka saba ni mzee. Nilitandaza punje hamsini kwenye kitambaa kibichi, nikakunja, nikaweka karibu na jiko. Ziliota tatu. Nilizihamisha ukandani kwangu kama mtu anayebeba mayai. Mmoja ulikanyagwa na kuku wa jirani. Mwingine niliung'oa mimi mwenyewe wakati wa palizi, kwa sababu kuna gugu linalofanana na wimbi hadi litoe suke, na miaka thelathini ya kazi haikunisaidia siku hiyo. Hilo naomba libaki kati yetu. Ukabaki mmoja.

Ule mmoja nililala ukiwa umekunjika, nikaamka umefungua vidole. Saba, vyeusi kuelekea zambarau, vimetawanyika. Nilisimama pale mpaka yule wa boda boda akauliza kama niko sawa. Nilimwambia sijawahi kuwa sawa kama leo.

Nilisubiri uive, nikalikata suke kwa kile kisu kidogo, nikalifunga kwa leso, nikaenda kwa Nyaboke. Alikuwa amepita miaka themanini, macho yamefunikwa na utando, lakini mikono ilikuwa ile ile. Nilimwekea suke kiganjani bila kusema kitu. Alipapasa kidole kimoja kimoja. Akafikicha kidogo, akapuliza, akatafuna punje mbili tatu kwa meno ya mbele. Wake za wanawe watatu walikuwa wamesimama mlangoni.

"Si wenyewe," akasema.

"Angalia vizuri, mama."

"Naangalia. Wa Kemunto una vidole vitano, na ngozi ya punje ni laini. Huu una saba. Si wenyewe, Kerubo."

Ndipo nikalia mbele yao wote, mtu mzima na karatasi zangu za kustaafu ziko njiani. Niliwaambia kile nilichokuwa nimekijua kwa muda mrefu bila kukitamka: kwamba wa Kemunto haupo. Haupo kwa jirani, haupo sokoni, haupo benki, haupo popote chini ya jua hili, na mtu wa mwisho kuuchambua na kuutupa nilikuwa mimi. Nilimwomba msamaha. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemletea ripoti, sikuwahi kumletea msamaha.

"Wangu ulikufa," akasema. "Nilishaulilia ule mwaka wa mvua. Nilikuwa nangoja wewe nawe uulilie, ndipo tuendelee. Sasa huu una jina gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimemuuliza Ng'ina Bosire umekaa juu ya moto miaka mingapi, ulipandwa udongo gani, uliiva kwa miezi mingapi. Jina sikuuliza.

"Rudi ukaulize kabla mwenyewe hajafa," Nyaboke akasema. Alikuwa ameshaanza kufikicha suke lote ndani ya ungo, na kwa kidole chake akawa anazigawa punje: fungu la mke wa mwana wa kwanza, la wa pili, la wa tatu, na moja akanisukumia mimi. "Nao wapande pamoja na mwingine wowote watakaoupata. Usije ukawaambia wautenge."

Kesho yake nilikuwa Nyamira kabla ya saa nne. Nilimwambia Ng'ina Bosire kwamba wimbi wake umeota mmoja, umezaa, na sasa uko mikononi mwa watu wanne. Akasema vizuri. Nikatoa kalamu na bahasha niliyotia fungu langu la punje, nikamuuliza mbegu ile inaitwaje.

Aliangalia upande wa mashamba ya chai. "Si yangu. Ni ya Nyanchama, mke mwenzangu. Alikuja nayo kutoka kwao. Tuligombana tangu siku aliyoolewa hadi siku aliyokufa, na hata siku yake ya mwisho hatukuwa tunasalimiana." Akavuta ungo wa mboga, akaanza kuchambua. "Lakini wimbi wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alipokufa niliuiba kwenye nyumba yake nikaacha wangu ukaisha."

Niliandika kwa herufi kubwa juu ya bahasha: Wimbi wa Nyanchama.

"Umeandika nini?" akauliza. Hakuwahi kwenda shule.

Nikamsomea. Akaendelea kuchambua mboga, kisha akaacha.

"Soma tena," akasema.